DALILI YA MVUA NI MAWINGU: Picha ya kifua inatuambia nini kuhusu mgonjwa wa homa ya mapafu?

Somo la mwezi huu kwa wakaazi wote wa kambi



Mwezi huu tunajifunza juu ya picha ya kifua, ile tunayoiita eksirei. Wengi wetu tumepigwa picha hiyo, lakini wachache tumeelezwa maana yake. Tutaona jinsi madaktari wanavyoitumia kukadiria mwelekeo wa mgonjwa wa virusi vya njia ya hewa: je, atapona nyumbani, atahitaji oksijeni, au yuko katika hatari ya kufa? Tutaona pia mambo ambayo picha haiwezi kusema. Mimi si daktari. Ni mhamasishaji wa afya, na ninayoyaandika hapa ni yale tuliyofundishwa katika mafunzo na yale niliyoyaona mwenyewe kambini.

Kwa nini nimechagua somo hili

Mwaka 2021, wakati wa UVIKO-19, nilikuwa na miezi michache tu katika kazi hii. Mzee mmoja wa bloku yetu alishikwa na homa na kikohozi. Siku ya pili ya ugonjwa alipelekwa hospitali, akapimwa, ikaonekana ana UVIKO. Akapigwa picha ya kifua, ikatoka safi. Akarudi nyumbani. Jioni nilipita kumtazama, na mwanawe akaniuliza: "Ndugu, picha imetoka safi. Basi baba amepona?" Nikamjibu: "Kama mapafu ni safi, msiwe na wasiwasi."

Sikupita tena kwa siku sita. Siku ya tisa ya ugonjwa mwanawe alikuja kunigongea usiku. Mzee alikuwa ameketi, akanisalimu vizuri na kuniuliza habari za nyumbani kwetu. Lakini alikuwa anapumua mbio, na midomo yake imebadilika rangi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma 78. Gari la wagonjwa lilikuja, akapewa oksijeni, na picha ya pili ikaonyesha weupe katika mapafu yote mawili. Siku ya tatu ya kulazwa alifariki.

Wiki chache baadaye mama mmoja alilazwa hospitali hiyo hiyo. Picha yake ya kwanza tu ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Ndugu zake walisikia kwamba "mapafu yameharibika yote", wakaanza kuchanga pesa za mazishi, na shemeji yake akataka arudishwe kambini afie kati ya watu wake. Mama mwenyewe akasema: "Mniache hapa hapa penye hewa." Alikaa kwenye oksijeni siku kumi na nne, kisha akarudi nyumbani. Leo anauza dagaa sokoni.

Familia ya kwanza iliamini kwamba picha safi ni cheti cha kupona. Ya pili iliamini kwamba picha nyeupe ni hukumu ya kifo. Zote mbili zilikosea, na kosa la kwanza lilitoka kinywani mwangu. Ndiyo maana ninaandika somo hili.

1. Picha ya kifua hufanya kazi namna gani?

Miale ya eksirei iligunduliwa mwaka 1895 na Wilhelm Conrad Röntgen huko Ujerumani. Miale hiyo haionekani kwa macho, na inaweza kupita ndani ya mwili. Hewa haiizuii, kwa hiyo pale penye hewa inapita kwa wingi na picha inakuwa nyeusi. Mfupa, maji na usaha huizuia, kwa hiyo sehemu hizo hubaki nyeupe.

Pafu zima limejaa hewa. Basi katika picha ya mtu mwenye afya mapafu huonekana meusi, na mbavu huonekana kama mistari myeupe. Usishtuke ukiona weusi kwenye mapafu, maana weusi huo ni hewa.

2. Mawingu meupe hutoka wapi?

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni. Humo ndimo oksijeni inamotoka kwenye hewa na kuingia kwenye damu. Virusi vikishambulia vifuko hivi, mwili unapigana navyo, kuta za vifuko zinavimba, na majimaji yanaingia mahali pa hewa. Miale inazuiwa, na kwenye picha panatokea weupe.

Weupe huu una aina zake. Mwanzoni unaweza kuwa kama nyuzi au wavu mwembamba. Mwingine ni kama ukungu, mfano wa kioo kilichopigwa na mvuke wa chungu, ambapo bado unaona kilicho nyuma yake. Mwingine ni wingu zito ambalo nyuma yake huoni kitu. Wingu zito maana yake vifuko vya sehemu hiyo vimejaa, na hewa haipiti.

3. Daktari anahesabuje mawingu?

Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima haangalii tu kama wingu lipo. Anaangalia ni kubwa kiasi gani, ni zito kiasi gani, na linaelekea wapi. Daktari naye hufanya vivyo hivyo.

Mwaka 2020, mji wa Brescia nchini Italia ulipojaa wagonjwa wa UVIKO, madaktari wa picha wa huko walitengeneza njia rahisi ya kuhesabu. Kila pafu linagawanywa sehemu tatu: juu, katikati na chini. Mapafu mawili yanatoa sehemu sita. Kila sehemu inapewa alama:

- 0: hakuna tatizo.
- 1: kuna nyuzi au wavu mwembamba tu.
- 2: kuna wavu pamoja na mawingu, lakini wavu ndio mwingi.
- 3: kuna wavu pamoja na mawingu, na mawingu ndiyo mengi.

Alama zote zinajumlishwa. Jumla ya chini ni 0 na ya juu ni 18. Tuchukue mfano. Mgonjwa ana 0 juu, 1 katikati na 3 chini upande wa kulia. Upande wa kushoto ana 0 juu, 1 katikati na 2 chini. Jumla yake ni 7.

Madaktari hao waliwafuatilia wagonjwa 302 waliolazwa. Waliona kwamba mambo matatu yalihusiana na kufariki hospitalini: alama kubwa za picha, umri mkubwa, na kinga ya mwili iliyodhoofika. Tuangalie vizuri: picha ni moja tu kati ya mambo hayo matatu.

Penye mashine kubwa ya siti-skani, ambayo mgonjwa hulazwa na kuingizwa katikati ya duara, daktari huona zaidi, kwa sababu mashine hiyo huonyesha pafu vipande vipande kama mkate uliokatwa. Nako huhesabu kiasi cha pafu kilichoguswa. Lakini mashine hiyo ni ghali, hupatikana mbali, na miale yake ni mingi zaidi sana kuliko ya picha ya kawaida. Haitumiwi bila sababu.

4. Siku ya kupiga picha ni jambo kubwa

Hapa ndipo mimi na mwana wa yule mzee tulipoteleza. Picha inaonyesha mapafu ya saa ile uliyopigwa. Haionyeshi ya wiki ijayo.

Huko Hong Kong, mwaka 2020, madaktari walitazama picha za wagonjwa 64 wa UVIKO. Katika picha ya kwanza, karibu 7 kati ya kila 10 ndio walioonekana na tatizo. Waliobaki walikuwa na virusi, lakini picha zao zilikuwa safi. Tena mawingu yalifikia ukubwa wake wa juu kati ya siku ya 10 na ya 12 tangu dalili kuanza.

Kwa hiyo picha safi ya siku ya pili ni kama anga la asubuhi. Inasema tu kwamba mvua haijaanza. Yule mzee alipaswa kuangaliwa kila siku mpaka wiki ya pili ipite. Kama ningejua hivyo, ningepita kila jioni na kipimo mkononi.

Na upande mwingine, mawingu hukawia kuondoka. Mtu anaweza kuwa amepata nafuu, anakula, anatembea, na picha bado ina weupe. Daktari hutazama picha mbili pamoja, ya kwanza na ya pili, aone kama weupe unaongezeka au unapungua.

5. Kwa nini picha nyeupe si hukumu?

Makadirio haya yanatokana na kundi la watu. Yanasema kwamba wenye mawingu mengi, wakiwekwa pamoja, huzidiwa zaidi kuliko wenye mawingu machache. Hayasemi fulani atakufa. Yule mama muuza dagaa alikuwa katika kundi la hatari, lakini alipata oksijeni mapema na alipata dawa. Mwezi wa sita 2020, utafiti mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba dawa ya deksamethazoni hupunguza vifo kwa wagonjwa wa UVIKO wanaohitaji oksijeni. Lakini haikuwasaidia wasiohitaji oksijeni. Kwa hiyo usiinunue dukani na kuimeza kwa ajili ya kikohozi.

Maana ya makadirio ni kumsaidia daktari kuamua nani alazwe, nani awekwe karibu na mtungi wa oksijeni, nani atazamwe mara nyingi zaidi. Yanasema nani asaidiwe kwanza. Hayasemi nani aachwe.

Kuna jambo jingine ambalo lilinishangaza nilipolijua. Mwaka huo huo wa 2020, watafiti wa Uingereza walitengeneza kipimo cha kukadiria hatari ya kifo kwa wagonjwa wa UVIKO waliolazwa. Kina vitu vinane: umri, jinsia, idadi ya magonjwa mengine ya kudumu, kasi ya kupumua, kiwango cha oksijeni, utimamu wa fahamu, na vipimo viwili vya damu. Picha ya kifua haimo. Na kati ya vitu hivyo vinane, sita vinaweza kujulikana hapa hapa nyumbani kwako, chini ya turubai, bila mashine ya umeme wa ukutani.

6. Je, kila mgonjwa apigwe picha?

Hapana. Mwezi wa sita 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri kuhusu UVIKO. Mtu asiye na dalili asipigwe picha ili kutafuta ugonjwa. Mwenye dalili, kama kipimo cha maabara kipo na majibu hayachelewi, atumie hicho kuliko picha. Picha inafaa kuongezewa kwenye uchunguzi pale daktari anapoamua kama mgonjwa alazwe au arudi nyumbani.

Tukumbuke pia kwamba wingu halisemi jina lake. Weupe unaweza kutoka kwa UVIKO, mafua makali, surua, bakteria au kifua kikuu. Daktari huunganisha picha na historia ya mgonjwa na vipimo vingine. Ndiyo maana mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi tunamwomba pia apimwe makohozi.

7. Sisi tusio na mashine tufanye nini?

Tuangalie mwili wenyewe. Hizi ni dalili ambazo mtu yeyote anaweza kuziona.

Kupumua. Hesabu pumzi kwa dakika moja nzima, mgonjwa akiwa ametulia. Tumia saa au simu. Kifua kikipanda na kushuka, hesabu moja. Mtu mzima anayezidi pumzi 30 kwa dakika ni wa kupelekwa mara moja.

Oksijeni. Wahamasishaji wenye kipimo cha kidoleni watakupima. Chini ya 94, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chini ya 90 ni dharura, usingoje asubuhi. Kidole kiwe na joto na kucha isiwe na rangi. Na tujue jambo hili: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba vipimo hivi mara nyingine husoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo kama namba ni nzuri lakini mtu anahangaika kupumua, amini macho yako, mpeleke.

Fahamu. Mgonjwa anayeanza kuchanganyikiwa, asiyeamka vizuri, au asiyeweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi, yuko hatarini.

Umri na magonjwa mengine. Mzee, mjamzito, mwenye kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, au kinga dhaifu, aangaliwe kwa ukaribu tangu siku ya kwanza.

Usidanganyike na mazungumzo. Katika UVIKO mtu anaweza kuongea na kutabasamu huku oksijeni imeshuka sana. Mzee wetu alinisalimu akiwa na 78.

8. Na watoto je?

Kwa mtoto mdogo, hata picha nzuri mara nyingi haiwezi kutenganisha nimonia ya virusi na ya bakteria. Kwa hiyo matibabu hayangoji picha. Hesabu pumzi kwa dakika moja. Kupumua kwa kasi ni:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
- Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
- Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Mtoto anayepumua kwa kasi apelekwe kituoni siku hiyo. Kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi, kama hawezi kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea hazinduki, mkimbizeni sasa hivi.

Surua tusiisahau. Sisi tuliotoka Kongo tunakumbuka mlipuko ulioanza 2018: kufikia mwezi wa kwanza 2020 ulikuwa umeua zaidi ya watu 6,000, na wengi walikuwa watoto. Nimonia ni moja ya njia kubwa ambazo surua huua. Chanjo huzuia mawingu hayo kabla hayajatanda.

9. Maswali tunayoulizwa katika bloku

"Picha inaunguza damu?" Hapana. Picha moja ya kifua ina miale kidogo, kama ile ambayo mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa siku chache tu. Mjamzito amwambie mpiga picha mapema ili akingwe.

"Nimepigwa picha, mbona sijapona?" Picha haitibu. Inaonyesha tu.

"Picha itaonyesha virusi vya ukimwi?" Hapana. Hivyo hupimwa kwa damu, na kwa ridhaa yako.

"Nikipigwa picha, safari yangu ya nchi ya tatu itafutwa?" Swali hili linawafanya wengine wakae na ugonjwa nyumbani. Picha ya uchunguzi wa safari hutafuta hasa kifua kikuu, na anayekutwa nacho kwa kawaida hutibiwa kwanza, safari ikasogezwa mbele. Picha ya matibabu inapigwa ili upone. Na kifua kikuu kisichotibiwa kitaonekana siku ya uchunguzi hata ukikificha leo, baada ya kuwaambukiza watoto wako. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

10. Ukipelekwa hospitali

Una haki ya kuelezwa. Muulize daktari kwa heshima maswali haya manne:

1. Picha imeonyesha nini, na kwa upande mmoja au yote miwili?
2. Leo ni siku ya ngapi ya ugonjwa, na hali inaweza kubadilika lini?
3. Nikirudi nyumbani, dalili gani zinirudishe hapa?
4. Je, nitahitaji picha nyingine?

Kama hamwelewani lugha, omba mkalimani. Usikubali mtoto atafsiri habari za ugonjwa wa mzazi wake. Picha au karatasi ya majibu itunze mahali pakavu pamoja na kadi yako ya posho, uje nayo safari ijayo, maana daktari anaihitaji kulinganisha.

Ya kukumbuka

- Picha safi mwanzoni mwa ugonjwa haimaanishi umepona. Angalia mgonjwa kila siku mpaka wiki ya pili ipite.
- Picha nyeupe ni sababu ya kupewa msaada haraka, si sababu ya kurudishwa nyumbani.
- Pumzi, oksijeni, fahamu na umri hutabiri mengi, na havihitaji mashine kubwa.
- Picha moja husema kidogo. Picha mbili pamoja na mgonjwa mwenyewe husema zaidi.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Jirani amerudi na picha safi siku ya tatu ya UVIKO. Utamwambia nini, na utapita kwake mara ngapi?
2. Fanyeni zoezi wawili wawili: mmoja apumue, mwingine ahesabu dakika nzima. Kisha badilishaneni.
3. Katika bloku yenu, nani ana simu yenye namba ya gari la wagonjwa? Usiku akiwa amelala, nani mwingine?

Ndugu zangu, mwana wa yule mzee bado ni jirani yangu. Hajawahi kunilaumu. Siku nilipomwambia ninaandika somo hili, alisema: "Andika siku ya tisa kwa herufi kubwa." Basi nimemtii: KUANZIA SIKU YA SABA HADI YA KUMI NA MBILI, USIMWACHE MGONJWA BILA KUMTAZAMA.

Tuonane katika mkutano wa afya wa bloku yenu. Njooni na saa, tuhesabu pumzi pamoja.